Pango moja, biashara mbili: Hesabu za safari za mitumbwi Phang Nga

Mwaka 1998, meneja wa shughuli wa kampuni moja ya watalii katika kisiwa cha Phuket, kusini mwa Thailand, alipigwa risasi. Alijeruhiwa, lakini alipona. Kampuni yake, SeaCanoe, haikuwa ikiuza madini wala dawa za kulevya. Ilikuwa ikiuza nafasi ya kulala chali ndani ya mtumbwi wa mpira na kupitishwa chini ya mwamba kwa muda wa dakika chache.

Wakati huo kampuni hiyo ilikuwa katika mgogoro mkali na wenye vibali vya kuvuna viota vya ndege katika mapango ya Ghuba ya Phang Nga. Wenye vibali walitaka kila mtalii anayeingia pangoni alipiwe ada. SeaCanoe ilikataa. Hivyo biashara mbili zilikutana kwenye mlango mmoja wa pango, kila moja ikiamini kwamba mlango ni wake.

Kisa hicho kina mafunzo kwa mtu yeyote anayefikiria kuweka fedha katika chombo cha watalii, awe na mtaji wa boti moja au hisa chache katika kampuni ya wenzake. Biashara ya kupeleka watu wachache kwenye mapango ya baharini huonekana rahisi ukiitazama kutoka gatini. Hesabu zake zinasema vingine.

BIDHAA YENYEWE

Ghuba ya Phang Nga iko upande wa mashariki wa Phuket, katika Bahari ya Andaman. Ndani yake mna visiwa vingi vya mawe ya chokaa vinavyochomoza majini wima kama kuta. Sehemu kubwa ya ghuba hiyo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1981. Miaka saba kabla ya hapo, 1974, filamu ya James Bond iitwayo The Man with the Golden Gun ilionyesha kisiwa kimoja cha ghuba hiyo, Khao Phing Kan, na tangu hapo watalii hawakukatika.

Wageni wengi wa mwanzo walitazama visiwa hivyo kwa nje tu, wakapiga picha, wakaondoka. Mtaji uliokuwa umejificha ulikuwa ndani. Maji ya mvua, ambayo yana asidi kidogo, huyeyusha mawe ya chokaa polepole na kuchimba mashimo katikati ya kisiwa. Paa la shimo likiporomoka, hubaki uwanja ulio wazi juu na wenye kuta pande zote. Bahari nayo hutoboa njia kutoka nje. Wathai huuita uwanja huo hong, maana yake chumba.

Mtu akiingia hong hukuta maji yaliyotulia, mikoko, nyani wala kaa, ndege mdiria na kuta zinazopanda makumi ya mita hadi angani. Hakuna mlango mwingine isipokuwa lile pango. Baadhi ya njia hizo ni fupi, nyingine ni ndefu na zenye giza totoro, ambamo popo huning'inia juu ya vichwa vya wageni.

Mwaka 1989 Mmarekani John Gray alianza kutumia mitumbwi ya mpira ya kujazwa upepo kuingia humo, na ndiye aliyeanzisha SeaCanoe. Mtumbwi wa aina hiyo hukaa juu juu ya maji, haupigi kelele, na upepo wake unaweza kupunguzwa kidogo ili upite palipo pembamba. Mashua za Kithai zenye mashine na mkia mrefu haziwezi kuingia kwenye milango midogo. Kwa hiyo siku ya kwanza ya biashara hiyo, mwenye mtumbwi wa mpira hakuwa na mshindani.

SAFARI INAVYOENDA

Utaratibu uliozoeleka ni huu. Basi dogo huwakusanya wageni kwenye mahoteli ya Phuket na kuwafikisha gatini upande wa mashariki wa kisiwa. Hapo hupanda chombo kikubwa chenye mashine ya dizeli, jiko na choo. Mitumbwi hubebwa juu ya chombo hicho hicho. Baada ya mwendo wa saa moja hivi chombo hutia nanga karibu na kisiwa kama Panak au Hong, na mitumbwi hushushwa.

Kila mtumbwi hubeba wageni wawili na mpiga kafi mmoja, ambaye ndiye pia kiongozi wao. Mgeni hana kazi ya kupiga kafi. Kazi yake ni kuvaa jaketi la kujiokolea, kukaa kimya na kulala chali anapoambiwa. Hilo la kulala si mchezo. Dari la pango mara nyingi limefunikwa na magamba ya chaza yenye makali kama wembe, na pua ya mgeni hupita karibu sana nayo. Magamba hayo hayo ndiyo adui wa kwanza wa mtumbwi wa mpira. Viraka na mitumbwi mipya ni gharama ya kudumu katika daftari la mwenye kampuni.

Kati ya kisiwa na kisiwa wageni hula chombini. Safari nyingine, hasa zile zinazotoka Phuket kabla ya saa sita mchana na kurudi usiku, huwapa wageni fursa ya kuingia tena mapangoni baada ya jua kuzama, boti za asubuhi zikiwa zimekwisha ondoka. Anayeuza saa hizo anauza utulivu, na kwa bidhaa hiyo bei ya juu inakubalika sokoni.

SAA YA MAJI NDIYO SAA YA DUKA

Mwenye duka mjini hufungua anapotaka. Mwenye mtumbwi wa mapangoni hufungua maji yanapotaka.

Katika Bahari ya Andaman maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kama yanavyofanya katika pwani ya Afrika Mashariki. Nyakati za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 2. Maji yakijaa sana, mlango wa pango hufunikwa kabisa. Yakipwa sana, hubaki mawe na tope. Kila pango lina kipimo chake, na kati ya vipimo hivyo viwili ndipo kuna muda wa kufanyia biashara. Anayechelewa kutoka anaweza kufungiwa ndani pamoja na wageni wake mpaka maji yageuke, jambo ambalo huchukua saa kadhaa.

Aidha, saa hiyo haisimami mahali pamoja. Kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Pango linaloingilika saa nne asubuhi Jumatatu, Ijumaa litaingilika kama saa saba na dakika ishirini mchana. Kampuni isiyobadilisha ratiba yake kwa kufuata maji hujikuta imefikisha wageni mbele ya mlango uliofungwa. Ndiyo maana kiongozi anayejua maji ya kila pango ni mali kuliko chombo chenyewe. Chombo kinaweza kukodiwa, lakini ujuzi huo huchukua miaka.

Muda huo mfupi pia ndio unaoweka kikomo cha mauzo. Chukua mfano wa pango linaloingilika kwa dakika 90, lenye njia ya kupita mtumbwi mmoja mmoja, na kila mtumbwi ukihitaji dakika 3 kupita. Njia hiyo ina nafasi 30. Lakini kila mtumbwi unaoingia lazima utoke, kwa hiyo nafasi 30 ni sawa na mitumbwi 15, au wageni 30. Vikifika vyombo vitatu vyenye wageni 16 kila kimoja, wageni ni 48, na tayari 18 kati yao wamelipia kitu ambacho hakipo.

HESABU YA CHOMBO KIMOJA

Ili mwekezaji aone faida inavyotokea na inavyopotea, ichukuliwe hesabu ya mfano isiyofungamana na kampuni yoyote. Bei ya tiketi iwe 100, kwa fedha yoyote ile. Chombo kina nafasi 16, hivyo kinahitaji mitumbwi 8 na wapiga kafi 8, pamoja na nahodha, fundi wa mashine, mpishi na msimamizi.

Gharama zisizobadilika kwa safari, yaani dizeli, mishahara, mabasi, bima na ushuru wa gati, ziwe 700. Gharama hizo hulipwa awepo mgeni mmoja au wawepo 16. Chakula na kiingilio cha hifadhi viwe 15 kwa kila mgeni. Wakala wa hoteli au wa mtaani aliyemleta mgeni achukue kamisheni ya 25 katika kila 100.

Kwa hesabu hiyo kila mgeni huacha 60 mezani. Chombo kikijaa, wageni 16 huacha 960. Ukitoa 700, faida ni 260. Wakija 12, faida ni 20 tu. Wakija 11, safari imeingia hasara ya 40. Tofauti ya wageni watano ndiyo inayotenganisha siku nzuri na siku mbaya, na ndiyo maana mawakala wana nguvu kubwa kuliko wanavyostahili. Mwenye chombo huogopa kiti kitupu zaidi ya kuogopa kamisheni.

Sasa mwenye kibali cha viota asimame mlangoni na kudai ada ya 10 kwa kila kichwa. Kwa mtalii ni pesa ndogo. Kwa mwenye chombo, kila mgeni sasa anaacha 50. Chombo kilichojaa kinabakiwa na 100 badala ya 260, yaani faida imepungua kwa zaidi ya asilimia 60. Kiwango cha chini cha kuepuka hasara kimepanda kutoka wageni 12 hadi 14.

WALIOIGA NA BEI YA CHINI

Mafanikio ya SeaCanoe hayakukaa siri. Katika miaka ya 1990 kampuni kadhaa ziliiga mtindo wake, nyingine kwa majina yaliyofanana na lake. Hakuna aliyeweza kuzizuia, kwa sababu mtumbwi wa mpira hununuliwa dukani na pango halina hati miliki. SeaCanoe ilikuwa imejiwekea mpaka wa idadi ya wageni kwa safari na kutoza bei ya juu. Walioiga wengi walishusha bei na kubeba watu wengi.

Turufu yao inaonekana kwenye hesabu. Chombo kikubwa cha wageni 40 kikitoza 60, kamisheni ile ile ya robo huchukua 15, chakula na kiingilio 15, na kila mgeni huacha 30. Gharama zisizobadilika zikiwa 900, wageni 40 huleta faida ya 300. Hiyo ni zaidi kidogo ya 260 za chombo kidogo. Mtu anaweza kusema ushindani umemsaidia mlaji.

Lakini ada ya pango ya 10 ikiingia, mgeni wa bei nafuu anaacha 20 tu. Chombo chenye wageni 40 sasa kinapata hasara ya 100, na ili kuepuka hasara kinahitaji wageni 45, wakati hapo awali 30 walitosha. Mwenye chombo hicho ana njia mbili: kupandisha bei au kupakia zaidi. Mshindani wake hajapandisha. Basi anapakia.

Hapa ndipo mantiki ya ada ya kila kichwa inapopinduka. Mwenye viota alidai ada kwa hoja kwamba watalii wanawasumbua ndege. Ada yenyewe inawasukuma wauzaji wa bei ya chini kuleta watalii wengi zaidi. Anayepokea ada naye hana sababu ya kuwapunguza, maana kila kichwa ni mapato yake.

KIOTA KINA BEI GANI

Ili kuwatendea haki wenye viota, sharti bidhaa yao nayo itazamwe. Ndege huyo ni wa jamii ya teleka, anayefanana na mbayuwayu, na hujenga kiota kwa mate yake ambayo hukauka na kuwa magumu ukutani. Ujenzi wa kiota kimoja huchukua mwezi mmoja au zaidi. Kiota kina uzito wa gramu 8 hadi 10 hivi, kwa hiyo kilo moja ni viota 100 au zaidi. Wachina hukipika kuwa supu, wakiamini kuwa kinaleta afya. Soko lake kubwa ni China na Hong Kong, ambako kilo moja ya viota vyeupe vizuri huweza kupita dola 2,000 za Marekani kwa bei ya rejareja.

Uvunaji ni kazi ya hatari. Wavunaji hupanda ngazi na majukwaa ya mianzi hadi kwenye dari la pango. Serikali ya Thailand huigawa haki ya kuvuna kwa kibali, na mwenye kibali hulipa fedha nyingi kabla ya kuona kiota cha kwanza. Sheria ya ushuru wa viota ya 1939 ilibadilishwa na nyingine mwaka 1997. Mtu aliyelipa kiasi hicho huweka walinzi mapangoni, maana mwizi wa usiku mmoja anaweza kuondoka na faida ya msimu.

Hivyo kila upande ulikuwa na hoja. Mwenye kibali aliona kundi la wageni wenye tochi na kamera likiingia ghalani mwake. Mwenye mitumbwi aliona hifadhi ya taifa, mali ya umma, ambayo tayari wageni wake wanailipia kiingilio. Kibali kilikuwa cha viota. Je, kilikuwa pia cha maji yaliyo chini ya viota? Swali hilo halikupata jibu la haraka, na mahali ambapo haki haijaandikwa vizuri, bei yake hupangwa kwa vitisho. Kampuni nyingine za mitumbwi zilikubali kulipa na kuendelea na kazi. SeaCanoe iligoma, na ikapata hasara ya kukataa.

Wakati wenyewe ulizidisha joto. Julai 2, 1997 Thailand iliiachia sarafu yake, baht, ielee. Dola moja iliyokuwa ikinunuliwa kwa takriban baht 25 ilipita 50 mwanzoni mwa 1998. Kwa mgeni mwenye dola, Thailand ikawa rahisi ghafla. Watalii walioingia nchini waliongezeka kutoka milioni 7.2 mwaka 1997 hadi karibu milioni 7.8 mwaka uliofuata, huku sekta nyingine zikianguka. Katika nchi yenye njaa ya fedha za kigeni, mlango wa pango unaopitisha dola kila siku lazima uwe na wagombea.

Baadaye soko la viota lilibadilika kwa njia ambayo wengi hawakuitazamia. Wafugaji wa Indonesia, Malaysia na Thailand yenyewe walijenga majumba marefu yasiyo na madirisha, wakapiga sauti za ndege zilizorekodiwa, na teleka wakaja kujenga humo. Katika mji wa Pak Phanang, kusini mwa Thailand, majumba hayo yamekuwa sehemu ya mandhari. Pango si tena ghala pekee la viota. Lakini hakuna aliyefaulu kujenga hong ya kufuga watalii. Kwa kipimo cha uhaba, biashara ya pili ndiyo iliyobaki na kitu kisichotengenezeka.

WENGINE WAMEAMUAJE

Nchi na maeneo tofauti yamelijibu swali la pango kwa njia tofauti, na kila njia ina gharama yake.

Katika kisiwa cha Phi Phi Le, si mbali na Phang Nga, kuna pango liitwalo Viking lenye viota. Huko uamuzi ni mfupi: wavunaji wako ndani, watalii hutazama kutoka kwenye boti nje. Hakuna mgogoro, na hakuna mapato ya mapangoni kwa wenye boti.

Katika kisiwa hicho hicho, ghuba ya Maya ilifungwa Juni 2018 baada ya boti na miguu ya watu kuiharibu. Ilifunguliwa tena Januari 2022 kwa masharti ya idadi ya wageni, na boti zikakatazwa kuingia ghubani. Ghuba iliyokuwa ikileta fedha kila siku ilikaa zaidi ya miaka mitatu bila kuuza, hesabu ambayo hakuna muuzaji wa bei ya chini aliyekuwa ameiweka kwenye tiketi.

Nchini Italia, Pango la Buluu la kisiwa cha Capri lina mlango wenye kimo cha karibu mita 1 tu. Wageni huhamishiwa kwenye mashua ndogo za makasia, wasiozidi wanne kila moja, na hulala chini mpiga kasia anapovuta mnyororo uliofungwa ukutani ili kupenya. Tiketi ina sehemu mbili, ya mashua na ya kiingilio, hivyo kila upande unajua fungu lake. Bahari ikichafuka, pango hufungwa na hakuna mabishano.

Nchini Ureno, pango la Benagil lenye tundu kubwa darini lilikuwa limejaa boti, mitumbwi na waogeleaji kwa wakati mmoja. Mwaka 2024 mamlaka za bahari zilipiga marufuku kuogelea na kushuka ufukweni ndani ya pango, na kutaka mitumbwi iongozwe na kiongozi. Waliokuwa wakikodisha mitumbwi bila kiongozi walipoteza soko kwa tangazo moja.

Kanuni inayoonekana katika mifano yote ni kwamba idadi lazima iwekwe na mtu. Ikiwekwa na umbo la mlango, kama Capri, wote hutii. Isipowekwa na yeyote, huja siku serikali ikaiweka kwa kufunga.

HATARI ZISIZO KWENYE TIKETI

Phang Nga ina bahati ya kijiografia. Kisiwa cha Phuket huikinga ghuba na pepo za kusini-magharibi zinazovuma kati ya Mei na Oktoba, ndugu wa pepo zile zinazoitwa kusi katika pwani ya Waswahili. Kwa hiyo mitumbwi ya ghubani huweza kufanya kazi hata wakati boti za bahari ya nje zinafungwa gatini.

Nje ya ghuba mambo ni mengine. Julai 5, 2018 boti ya watalii iitwayo Phoenix ilizama karibu na Phuket katika hali mbaya ya hewa, na watalii 47 kutoka China wakafa. Wateja wa Kichina waliiogopa Phuket kwa miezi iliyofuata, wakiwemo wale ambao wangepanda vyombo vya watu wengine kabisa. Katika utalii wa majini, uzembe wa jirani hulipwa na wote.

Kadhalika soko lenyewe linaweza kutoweka. Mwaka 2019 Thailand ilipokea karibu watalii milioni 40. Janga la korona lilipoingia, idadi ilishuka hadi milioni 6.7 mwaka 2020, na mwaka 2021 haikufika nusu milioni, ingawa Phuket ilifunguliwa kwa mpango maalumu Julai mwaka huo. Mwenye chombo alichonunua kwa mkopo wa benki aliendelea kudaiwa riba, mitumbwi ikikauka juani. Mpiga kafi aliyekuwa akitegemea bahashishi alirudi kwenye uvuvi au shambani. Ujuzi wa maji ya mapango ukaondoka naye.

MASWALI KABLA YA KUTOA FEDHA

Mwekezaji mdogo anayeonyeshwa mpango wa safari za mapangoni, iwe Asia au penginepo, anaweza kupima uzito wake kwa maswali machache.

La kwanza: nani mwenye haki ya mlango? Leseni ya chombo si haki ya pango. Iwapo kuna mvunaji, mvuvi, kijiji au hifadhi yenye dai, dai hilo liandikwe na kulipiwa kabla ya mtumbwi kununuliwa. Hulipwa kwa bei nafuu zaidi siku ya kwanza kuliko siku chombo kimejaa wageni.

La pili: sheria ya umiliki inasemaje? Nchini Thailand sheria inataka hisa nyingi za kampuni ya utalii ziwe za Wathai, na kazi ya kuongoza watalii ni ya raia. Mgeni mwenye mtaji na wazo bila mwenyeji wa kuaminika amejenga juu ya mchanga.

La tatu: maji yanatoa saa ngapi za biashara kwa mwezi? Siku 30 si siku 30. Ziondolewe siku za maji yasiyofaa na siku za upepo, kisha mapato yapigwe kwa zilizobaki.

La nne: ni wageni wangapi wanaozuia hasara, na je, idadi hiyo inapita pangoni kwa muda uliopo? Iwapo kampuni inahitaji wageni 45 na pango linapitisha 30, hakuna kampuni hapo, kuna foleni.

La tano: mpiga kafi analipwa nini? Yeye ndiye anayelala chali pamoja na mgeni gizani, akihesabu maji kwa macho. Kampuni inayompa mshahara wa kudumu, mafunzo na sehemu ya faida ina gharama kubwa kwenye karatasi. Inayomlipa kwa siku itamkosa siku ambayo maji yatageuka mapema.

John Gray aliondoka kwenye kampuni aliyoianzisha na kufungua nyingine yenye jina lake, akiendelea na safari za alasiri hadi usiku. Mapango ya Panak bado yanaingiliwa, na dari lake bado lina chaza. Faida iko katika kujua wageni wangapi wa kuwakataa, na kuweza kumudu kuwakataa.